Pale Mkanda Ulipokatika

6 Januari 2025

Jirani yetu Kavugho, mama mwenye butiki, amenipa ajenda, kitabu cha kuandikia siku za mwaka. Alileta boksi zima kutoka Goma kabla ya Noeli, akidhani kila mwalimu wa Kindu atataka moja, na mpaka leo hajauza hata ya kufungia karanga. "Chukua, andika hata mvua," kaniambia. Basi naandika: mvua imenyesha tangu asubuhi na ua wetu umekuwa ziwa.

Kitabu kipya huanza na jina la mwenyewe. Mimi ni Jamila Okito, nafundisha wasichana kaswida katika madrasa ya hapa Mikelenge, naishi na mama yangu mzazi, na sina subira. Hilo la mwisho majirani wangeliandika kabla ya jina.

9 Januari

Mvua. Watu wa baiskeli wanaotoka Kibombo wanasema mpunga unaozea shambani.

14 Januari

Tumekwenda matanga upande wa Kasuku. Wanawake wote chini, mkekani, na Mama peke yake juu ya kigoda chake, ambacho hukibeba kutoka nyumbani kila anapokwenda msibani. Wasiomjua wanasema ana kiburi. Mwanamke mmoja leo amenong'ona kwamba labda ana jipu. Nilimtazama mpaka akanyamaza.

Mama hajakaa kwenye mkeka wa msiba tangu mwaka 2002, mwaka ambao kaka yangu Idrissa alitoka nyumbani na hakurudi. Hatukumwekea matanga. Baba alitaka, shehe wa wakati ule alitaka, ukoo mzima ulitaka, Mama alikataa. Anasema akishuka mkekani mara moja tu, hata kwa msiba wa mtu mwingine, miguu itazoea. Kwa hiyo tunabeba kigoda. Nami ndiye hukibeba, si yeye.

23 Januari

Leo limepita gari la vijana wa kujitolea. Ni pikapu yenye spika mbili juu, inazunguka mitaani kuwaita vijana waende vitani kulinda nchi. Kwa kawaida ni ngoma tu na mtu anayebweka. Leo kulikuwa na mwimbaji. Mimi nilikuwa nje nakinga maji ya paa, Mama yuko barazani anachambua sombe, majani ya muhogo, na sauti ikaja kutoka barabara kubwa, mbali, mvua ikiikatakata. Mikono ya Mama ikasimama.

"Njo yeye," kasema.

"Nani, Mama?"

"Idrissa. Sikiliza. Anakuja kufika Pale."

Nilisikia. Siwezi kuandika hapa kwamba sikusikia. Sauti ilipanda, ikavunjika mara tatu nne huko juu kama tulivyokuwa tukifanya sisi, halafu mahali palepale ikaruka, kama mguu uliokosa ngazi, ikatua chini kwenye mstari mwingine. Nikamwambia Mama kwamba siku hizi kila wimbo wa dunia umo ndani ya telefone, muntu yoyote anaweza kuujifunza.

"Hii, si muntu yoyote," kasema. "Kimbia ukamuone."

Nilipofika barabarani pikapu ilikuwa imeshaondoka kwenda Kailo. Nimerudi na matope mpaka magotini. Mama alitazama tu nyuma yangu kuona kama nimekuja na mtu.

28 Januari

Goma imeanguka, waasi wameingia. Kavugho ana kaka yake huko, Séraphin, ndiye aliyekuwa akimpakilia bidhaa kwenye ndege. Telefone yake haipiti. Kavugho anafungua butiki, anafuta rafu ambazo hazina kitu, anafunga. Mwanawe Wilfried, kijana wa miaka kumi na tisa, anakaa siku nzima juu ya kasha tupu la bia akitazama barabara.

2 Februari

Mvua haijaacha, madrasa haina wanafunzi. Niandike habari ya kaseti, maana Mama hazungumzi jambo jingine.

Baba alikuwa fundi cherehani. Tukiwa wadogo, mfanyabiashara mmoja aliyerudi kutoka Dubai alimletea radio-kaseti kama shukrani kwa suti ya arusi. Ndani mlikuwa na kaseti, haina jalada, haina jina. Mwanamke anaimba. Baba alisikia kh na gh nyingi, akaamua ni Kiarabu. Na kwa kuwa ni Kiarabu, ni dini. Kwamba nyuma yake kulikuwa na ngoma ya umeme ya kutikisa kiuno, Baba alisema hiyo ni kaswida ya matajiri. Tuliipiga Maulidi. Wazee walilia.

Ngoma yenyewe haikutushangaza, ilihesabika sitasita kama ngoma zetu za arusi, na cherehani ya Baba iliifuata vizuri. Kilichotushangaza ni koo la yule mwanamke. Mwisho wa mstari hakuivuta sauti ikanyooka, kama tunavyofundishwa. Aliivunja. Ilitoka kifuani ikaenda kichwani ikarudi, haraka, tena na tena, kama mtu anayekaribia kulia na hataki. Halafu hapohapo anarudi kwenye ngoma kana kwamba hakuna kilichotokea. Idrissa aligundua jinsi ya kufanya: unacheka ukiwa umefunga mdomo, unashika pale koo linapogonga, kisha unafungua mdomo na kutoa kicheko. Alifanya mazoezi nyuma ya nyumba mpaka majirani wakauliza ana kwikwi ya namna gani. Mimi nilijifunza kwa kumsikiliza ukutani, kwa sababu msichana hakutakiwa kutoa sauti ile.

Kisha siku moja radio ikala mkanda. Idrissa aliufungua kwa sindano ya Baba, akakata kwa mkasi kipande kilichokunjika, akaunga kwa skochi, ule utepe wa gundi. Toka hapo, yule mwanamke akifika juu kabisa, sauti ikiwa inavunjikavunjika, anaruka ghafla na kuangukia katikati ya mstari unaofuata. Mtu mwingine angesema kaseti imeharibika. Idrissa alisema imekuwa tamu kuliko kwanza, akajifunza kuruka vilevile kwa koo lake. Ni kitu kigumu kuliko vyote nilivyowahi kuimba. Tulipaita Pale.

Mwaka 2002 mji ulizingirwa. Ndani, waasi walioushika. Nje, msituni, wapiganaji waliotaka kuwatoa. Katikati, sisi na maganda ya muhogo. Aliyekwenda shambani alipigwa risasi na hawa au na wale. Betri ziliisha, radio ikanyamaza, Idrissa akawa ndiye kaseti ya nyumba. Siku moja ya mvua alichukua gunia, akafuata reli upande wa Kibombo kwenda kuchimba muhogo wetu. Alikuwa na miaka kumi na saba.

Miezi baadaye watu wa msitu walishambulia mji alfajiri. Tulikuwa tumelala chini ya kitanda. Mama alitutikisa: "Idrissa iko anaimba. Iko anaimba kule inje." Mimi na Baba tulisikia bunduki tu. Baba alisema ni njaa. Tangu siku hiyo Mama ana neno moja: nilimusikia, muzima, anaimba. Baba alikufa mwaka uliofuata bila kumkubalia, na mimi pia sikumkubalia.

Wimbo ule sijauimba tena. Koo linakumbuka njia, mwenye koo ndiye hataki.

5 Februari

Wali na sombe bila chumvi. Kavugho hana chumvi.

9 Februari

Nimekwenda kwa Shehe Abdoul, mkubwa wa madrasa yetu, ambaye alisoma miaka kadhaa Iran. Niliona haya kumwimbia, nikamvumia kwa midomo iliyofungwa. Alianza kucheka kabla sijamaliza.

"Dada Jamila, hii mulikuwa munapiga kwa Maulidi?"

"Baba alisema njo kaswida."

"Iko Kifarsi. Na njo wimbo wa mapenzi. Mwanamuke analilia bwana mwenye alimuacha."

Nilifikiria wale wazee waliolia na nikacheka mimi pia, kwa mara ya kwanza tangu mwezi uanze. Shehe akanieleza kwamba kule kuvunja sauti wenyewe wanakuita tahrir. Waimbaji wa kale huivunja mfululizo kama shanga za tasbihi mpaka msikilizaji asahau neno lilianzia wapi. Hawa wa ngoma ya umeme, wengi wao waliokimbilia nchi za mbali, wanatia kidogo tu mwisho wa mstari, kwa sababu ngoma haimngojei mtu. Akahangaika na telefone yake, mtandao ukiondoka na kurudi, mpaka akaupata wimbo wenyewe.

Niliinama juu ya telefone. Ilipokaribia Pale nilishika meza. Yule mwanamke akapita. Akavunja sauti, akaishusha polepole kama mtu anayeshusha mtungi kichwani, akavuta pumzi, nikaisikia kabisa pumzi yake, akaanza mstari mwingine. Haruki popote. Hakuwahi kuruka. Kile kipande alichokata Idrissa kwa mkasi wa Baba kilikuwa ile pumzi.

Kwa hiyo yule wa kwenye gari hakujifunza kwa telefone. Amejifunza kwa Idrissa, au ni Idrissa.

Nilimweleza Mama nilipofika nyumbani. "Si nilikuambia," kasema, akaendelea kula.

17 Februari

Bukavu nayo. Watu wanasema sasa njia ni ya kwetu. Wilfried amemwambia mama yake kwamba vijana wenzake wawili wamejiandikisha. Kavugho amempiga kofi, kijana mrefu kuliko mlango, naye akasimama tu akapigwa.

1 Machi

Ramadhani imeanza. Mvua pia.

8 Machi

Miguu ya Mama imevimba. Dokta anasema moyo. Hafungi, na anaona aibu kula mchana, kwa hiyo nakaa naye nimempa mgongo.

Lakini roho yake ni nyepesi kuliko nilivyopata kuiona. Ameanza kuimba. Sauti yenyewe imekwisha, inakwaruza, ila anajua kila pembe ya wimbo. Wilfried, ambaye anakuja kutusaidia maji, aliusikia wimbo ule barabarani kama vijana wote na anapenda kujaribu Pale. Anashindwa, anasimama njiani. Leo Mama amemfundisha kutoka kwenye kigoda chake.

"Apana, usivute pumuzi. Ukivuta pumuzi, imekufa. Ruka tu."

Wilfried akaruka, akapatia, wakapiga makofi wote wawili. Mimi nilisimama mlangoni na ndoo na nilifurahi.

12 Machi

Wanasema gari limetoka Kailo, liko njia ya Kibombo, limekwama.

15 Machi

Mama ameniomba nifue shuka la kitanda cha ziada. Nimefua.

19 Machi

Limerudi. Nililisikia nikiwa darasani, nikawaacha wasichana katikati ya salawati na kukimbia nimefunga, na viatu mkononi. Pikapu ilikuwa imesimama mbele ya depo la zamani karibu na reli. Vijana wameizunguka, na juu, chini ya turubai, mwanamume mwembamba wa umri wangu, mapengo mawili mbele, ameshika mikrofoni. Nilimtazama uso nikiutafuta: masikio, nyusi, kidevu. Niliyarudia yote mara mbili.

Hakuwa Idrissa. Nilimchukia kwa hilo kabla hajanitenda lolote.

Alipomaliza nikamsogelea. "Wimbo huu ulijifunza wapi, baba?"

"Kwa rafiki."

"Rafiki mwenyewe iko wapi?"

Alikuwa ananitazama mdomo. "Munafanana hapa," kasema, akijigusa kidevu. "Wewe njo Jamila. Mwenye alikuwa anasikilizia kwa ukuta."

20 Machi

Anaitwa Donatien, mtu wa kijiji cha Tunda. Tulikaa chini ya upenu wa depo, mvua inapiga mabati, na ilibidi aseme kwa nguvu mambo ambayo mtu husema kwa sauti ndogo.

Walimkamata Idrissa shambani kwetu, na gunia lake. Walikuwa wapiganaji wa msitu, Donatien mmoja wao, kijana aliyechukuliwa Tunda mwaka mmoja kabla. Walisema Idrissa ni mpelelezi wa mji. Walimfunga mikono wakamwambia aombe Mungu wake, naye katika kuogopa hakupata dua yoyote, akaimba kaseti. Alipofika Pale, mkubwa wa dawa, mganga wao, aliinuka. Alisema sauti inayovunjika hivyo na haifi, ikaruka ikaendelea, si ya mtu. Akasema mwenye sauti hiyo risasi haimpati, wala walio nyuma yake.

Basi hawakumwua. Walimweka. Alibeba mizigo, alipika, na jioni aliwaimbia. Alilala kwenye turubai moja na Donatien, akamfundisha wimbo neno kwa neno, maneno ambayo hawakuyajua hata mmoja. Donatien alichukua muda mrefu kuipata Pale. Idrissa alikuwa akimcheka.

Ile alfajiri ya shambulio walimtanguliza mbele. Hakupewa bunduki, ilikuwa mwiko wake. Kazi yake ilikuwa kuimba.

"Nilikuwa nyuma yake, hivi," Donatien kasema, akanionyesha kwa mkono umbali wa mlango na kitanda. "Aliniambia: nikifika karibu na kwetu nitaimba kwa nguvu, mama atanisikia, atajua niko muzima. Alikuwa na furaha, dada. Tulitokea hapa, nyuma ya depo. Wale wa mji walikuwa wanatungojea kwa shimo, na bunduki."

"Alikufa mara moja?"

"Mara moja. Nilimuruka. Wote tulimuruka."

Waliokufa upande ule watu wa mji waliwafukia pamoja, katika handaki lilelile, na sasa juu yake kuna nyumba za watu na migomba. Nimepita hapo maisha yangu yote kwenda sokoni.

Nikamwuliza anaimbaje wimbo huo kwenye gari la kuita watoto wa watu. Sikumwuliza kwa adabu. Kasema mpunga wake umeoza, ana watoto watano, na kwenye gari wanampa chakula. "Wanapenda Pale. Wakisikia Pale, wanapanda." Nikamwambia Pale ni mkasi na skochi, ni mkanda ulioharibika, kwamba yule mwanamke mwenyewe wa Iran hajui kitu hicho. Alikinga maji ya upenu kwa kiganja, akayamwaga. Kisha akasema kule msituni hakutoka na kitu kingine chochote isipokuwa hicho.

22 Machi

Sijamwambia Mama. Ananiuliza kwa macho, namwambia gari limekwenda.

Kwa miaka ishirini na tatu tulisema ni njaa iliyomwimbia. Alikuwa amesikia kweli. Na kile alichosikia, anachokishika kuwa ndio uzima wa mwanawe, ni kifo chake chenyewe. Nitamwambiaje hilo mwanamke mwenye moyo mbovu? Nisipomwambia, atakufa juu ya kigoda akitazama mlango. Nimefungua kinywa mara nyingi leo na kila mara nimeomba chumvi, ambayo hatuna.

26 Machi

Mvua. Sikumwambia.

31 Machi

Idi. Wasichana wangu wameimba vizuri, sauti zao zimenyooka kama uzi. Mama hakuweza kwenda. Niliporudi na sahani ya pilau alisema bila kunigeukia: "Yule wa gari, si Idrissa."

"Apana, Mama."

"Lakini anamujua."

"Ndiyo."

"Mulete."

6 Aprili

Donatien amekuja. Alikuwa amekoga na kuazima shati. Kavugho na Wilfried walikuwepo, walikuwa wameleta maji. Mama alikuwa barazani juu ya kigoda, miguu ndani ya beseni. Nilikuwa nimejiandaa nimshike akianguka. Nilikuwa nimeandaa na maneno, namna ya kuanzia mbali, msituni, muhogo, turubai. Mama hakutaka hata moja.

"Karibu, baba. Imba," kasema.

Aliimba bila spika na bila ngoma, kwa sauti ndogo, akitazama chini. Sikuwa nimewahi kumsikia hivyo. Alivunja sauti kama Idrissa, na kicheko kile ndani ya koo, mpaka kosa dogo la Idrissa kwenye neno la pili, analo. Nilikuwa nimemchukia majuma mawili na hapo nilishindwa kuendelea, kwa sababu kaka yangu hakuwa amebaki mahali pengine popote. Akapanda. Akafika Pale, akaruka, akamaliza.

Mama alitikisa kichwa kukubali, kama ninavyofanya msichana wangu anapokariri bila kukosea.

"Sasa uniambie kweli," kasema. "Ile asubuhi, Idrissa alifika Pale?"

Donatien alinitazama. Nilitazama beseni.

"Apana, mama," kasema. "Alibakisha kidogo."

"Minajua." Mama alisema hivyo kwa upole, kana kwamba ni yeye anayempa habari. "Nilimusikia anapanda, anapanda. Nikangojea Pale. Haikukuja. Nikasema: pengine anavuta pumuzi."

Miaka yote hii alikuwa akituambia alimsikia akiimba. Kwamba wimbo ulikatika, hilo hakumwambia mtu yeyote, hata Baba. Alikuwa amekaa juu ya kigoda akimsubiri mwanawe amalize kuvuta pumzi.

Kisha akatoa miguu kwenye beseni, akashika bega langu, akashuka chini. "Jamila," kasema, "tandika mukeka."

7 Aprili

Matanga. Watu wamekuja wengi kuliko tulivyodhani, hata yule mwanamke wa jipu. Shehe Abdoul amesoma. Mama amekaa chini, amejifunga kanga kichwani, na watu wanamwambia pole kwa kijana aliyekufa kabla baadhi yao hawajazaliwa. Kigoda kiko jikoni. Nimekikalia kupepeta mchele, nikainuka, nikapepeta nimesimama.

8 Aprili

Donatien ameaga. Amewaambia wenye gari haimbi tena, anarudi Tunda akaone kama mbegu imebaki. Nilimpa chakula cha njiani na sikumshukuru, maana sikujua namshukuru kwa lipi. Mama alimshika mkono muda mrefu.

Jioni aliniomba niimbe, mara moja, ili wimbo ufungwe na mtu wa nyumbani. Niliimba. Niliruka Pale. Nililia baadaye, si wakati ule, wakati ule koo lilikuwa na kazi.

9 Aprili

Leo, siku ya tatu ya matanga, gari limepita.

Tulikuwa tumekaa barazani, Mama na wanawake mkekani, mimi nagawa chai. Sauti ikaja kutoka barabara kubwa. Nikadhani Donatien amenidanganya, nikaweka birika chini kwa hasira. Halafu nikasikia ngoma ikikatika na kuanza upya mahali palepale, na sauti nayo ikaanza upya, ileile, pumzi kwa pumzi. Walikuwa wamemrekodi. Donatien yuko njiani na baiskeli kwenda Tunda, na koo lake limebaki hapa linafanya kazi.

Gari lilipita mbele ya ua wetu polepole kwa sababu ya matope. Vijana wamejaa nyuma, wanaimba pamoja na spika. Wote wanajua kuivunja sasa, kila mmoja kwa namna yake. Wilfried alikuwa amesimama kati yao, pembeni, ameshika chuma cha gari. Alituona. Akainua mkono kwa Mama, kama mwanafunzi kwa mwalimu wake, na walipofika Pale hakuvuta pumzi, akaruka.

Mama alifunika mdomo kwa kanga.

Kavugho alitokea barabarani mbio, kiatu kimoja, kitambaa kimeanguka. Alilifuata gari mpaka kwenye kona, akasimama hapo, akarudi. Hakulia. Aliingia uani kwetu kama mtu asiyejua nyumba ni ya nani, akasimama mbele ya wanawake, mikono imening'inia. Spika zilikuwa zimeshageuka njia ya uwanja wa ndege na tulizisikia zikififia, zikipanda tena kuelekea Pale, na kila mtu barazani alikuwa akisikiliza. Kabla hazijafika, mvua ikashuka juu ya mabati na hatukusikia tena.

Nilikwenda jikoni kumletea Kavugho kigoda. Niliporudi nacho, Mama alikuwa amesogea na kumpa nafasi mkekani.